Shoka, msumeno na mwembe wa Chamazi

Mwembe wetu wa Chamazi ulianguka usiku, katikati ya masika, ukalala uani bila kuvunja kitu zaidi ya kamba ya kuanikia nguo. Asubuhi majirani walikuja kutoa pole, na hata chai haijaisha, pole zikageuka ushauri. Mmoja alisema nimwite kijana wa msumeno wa mnyororo, kazi iishe kabla ya adhuhuri. Wa pili akasema msumeno ni kutupa hela. Yuko mzee wa shoka kule Mbande, anachanja kuni tangu barabara hii haijapata lami. Wa tatu, mtu wa maneno machache, aliuliza swali moja tu: "Kuni zenyewe unazitaka lini?"

Sikumjibu. Nilidhani anauliza ili aombe.

Sababu ya kuzitaka kuni nilikuwa nayo. Binti wa dada yangu alikuwa anaolewa baada ya Idi Kubwa, miezi miwili na ushei mbele, na shughuli ingefanyikia hapa hapa uani. Nyumbani kwetu chai na mboga hupikwa kwa gesi, lakini pilau ya watu mia tatu ni habari nyingine. Mpishi wa shughuli hufika na masufuria yanayohitaji wanaume wawili kuyainua, hupanga matofali badala ya mafiga, kisha huanza kukagua kuni kama anayekagua mahari. Anataka nene za kushikilia moto, nyembamba za kuuamsha ukilegea, na anataka kuni zinazoacha makaa mazito, maana pilau inapokaribia kuiva makaa hayo hupaliwa juu ya mfuniko. Gesi inawaka vizuri chini ya sufuria. Makaa ya kuweka juu haitoi.

Kwa hiyo nikawa na mti, nikawa na tarehe, nikawa na uamuzi wa kufanya: shoka au mashine?

Mji unaokata miti ili ujenge

Swali hili haliko kwangu peke yangu. Sensa ya 2022 iliwahesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam, na wengi wa wanaoendelea kuongezeka wanahamia pembezoni. Temeke, hata baada ya kumegwa ikazaliwa Wilaya ya Kigamboni, inaendelea kutanuka kupitia Chamazi, Mbande, Toangoma na Kongowe. Kinondoni nayo, baada ya kuiachia Ubungo upande wake, inapanda kuelekea Boko, Bunju na Mabwepande. Maeneo mengi kati ya hayo yalikuwa mashamba ya mikorosho, minazi na miembe. Mtu akinunua kiwanja, fundi wa msingi akifika, cha kwanza kuondoka ni mti.

Ndiyo maana kuni nyingi za mitaa yetu hazitoki msituni moja kwa moja. Zinatoka kwenye viwanja. Nyingine ni mabanzi, yale maganda ya gogo yanayobaki kwenye mashine za kupasua mbao, ambayo huuzwa kwa tripu ya kirikuu au guta. Wanunuzi wapo: mama lishe, wakaanga samaki, wapishi wa shughuli, waoka mikate. Nyumba nyingi hupikia mkaa au gesi, lakini moto mkubwa bado unaulizia kuni.

Na kuni, kabla hazijawa kuni, ni gogo. Wahenga walisema mti hauendi ila kwa nyenzo. Hawakusema nyenzo ipi.

Msumeno hukata, haupasui

Kijana wa msumeno alikuja kwa bodaboda, mashine kaipakata mbele, galoni dogo la petroli kalifunga nyuma. Aliuzunguka mwembe mara moja, akapiga teke shina. "Braza, huu ni saa mbili tu," akasema. "Unataka vipingili vya urefu gani?"

Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo wanaobishana kuhusu shoka na mashine hulisahau: msumeno wa mnyororo haupasui kuni. Unakata. Kukata ni kulivuka gogo kwa upana, kuzikatiza nyuzi zake. Kupasua, au kuchanja kama wasemavyo watu wa pwani, ni kuzifuata nyuzi hizo na kuzitenganisha. Ni kazi mbili tofauti, na mti una nguvu tofauti kwa kila moja. Nyuzi za mti zinashikana kwa urefu kwa nguvu ambayo ni mara 20 au zaidi ya ile inayoziunganisha kwa ubavu. Kwa hiyo anayekata anapambana na mti pale ulipo hodari, na anayepasua anauvizia pale ulipo dhaifu.

Msumeno umeumbwa kwa ajili ya pambano hilo la kwanza. Mnyororo wake hukimbia kama mita 20 kwa sekunde, mwendo wa gari linalokwenda zaidi ya kilomita 70 kwa saa, na kila jino linang'oa kijipande kidogo cha mti. Andreas Stihl, Mjerumani aliyeanzisha kampuni yake Stuttgart mwaka 1926, alianza na msumeno wa umeme uliohitaji watu wawili kuubeba. Ilipofika 1950 kampuni hiyo ilikuwa na msumeno wa petroli wa mtu mmoja. Leo watoto na wajukuu wa mashine hiyo, wa asili na wa kuigiza, wamejaa kwenye maduka ya Kariakoo, na karibu kila kata ya pembezoni ina kijana anayejulikana kwa msumeno wake. Zanzibar huuita msumeno wa moto, na anayeusikia ukiunguruma haulizi kwa nini.

Kwa shina la mwembe ambalo mikono ya mtu mzima haifiki kuzunguka, hakuna ubishi. Shoka lingechukua siku nzima kulikatiza mara mbili, na kila mkato wa shoka hula kuni kwa umbo la herufi V, vipande vikitapakaa uani. Kijana alikata vipingili kumi na kitu kabla sijamaliza kupiga simu mbili. Alisimama mara moja tu kunoa. Alikaa juu ya gogo, akaufunga mnyororo usicheze, akapitisha tupa ya mviringo kwenye kila jino, mara tatu tatu, akisukuma kwenda mbele tu na kuinyanyua wakati wa kurudi. "Ukiona inatoa unga badala ya vipande," alinieleza bila kuinua macho, "ujue unauchosha mti na wewe unajichosha."

Akazima mashine. Kimya kilichofuata kilikuwa kizito. Masikio yalikuwa yanavuma. Misumeno hii hupiga kelele ya desibeli 100 na zaidi, na yeye hakuwa na kitu masikioni. Alikuwa amevaa kandambili.

Vipingili vilikuwa vimelala kama ngoma bila ngozi. Kuni hazikuwapo bado.

Nilivyoua mashine ya watu

Nikiri kosa langu hapa, maana linafundisha. Jioni ile niliona yamebaki matawi mazito mawili, nikajiambia sina haja ya kumlipa mtu. Jirani mmoja ana msumeno mdogo, akaniazima. Nikaujaza petroli, nikavuta kamba, ukaunguruma kama dakika kumi, nikajiona fundi. Kisha ukakaba, ukazima, na kamba haikuvutika tena.

Sikujua kwamba injini ya aina ile haina mahali pake pa oili kama pikipiki kubwa. Oili yake huchanganywa humo humo kwenye petroli, kwa kawaida sehemu 1 ya oili kwa sehemu 50 za petroli, yaani mililita 20 kwa kila lita. Ukitia petroli tupu, pistoni inasuguana na silinda chuma kwa chuma hadi inashika. Oili ya mnyororo ni nyingine tena, na ina tundu lake. Nilimlipa jirani gharama za fundi, na fedha hiyo ingetosha kumpa mchanja kuni kazi ya siku kadhaa.

Hapa kuna hesabu ambayo tangazo la dukani haliisemi. Mashine si bei yake ya kununulia tu. Ni petroli, oili mbili, tupa, mnyororo wa akiba, plagi, na ujuzi wa kujua kipi kinataka nini. Mtu anayekata kila siku gharama hizo zinajilipa. Mwenye mwembe mmoja ulioanguka hana haja ya kununua. Anakodi mkono pamoja na mashine. Na kabla ya kuukodi, aulize mambo mawili: kama msumeno huo una kibali cha mamlaka za misitu, na kama serikali ya mtaa ina habari kwamba mti unakatwa. Mti ukiwa umeanguka wenyewe ni rahisi kueleza. Gogo likishapakiwa kwenye kirikuu kuelekea mtaa mwingine, maelezo yanahitaji karatasi.

Shoka lisilo mpini

Mzee wa Mbande alifika kesho yake asubuhi na baiskeli, shoka limelala kwenye kerieri limefungwa kwa mpira wa tairi la ndani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Naona msumeno umeshapita." Aliviangalia vipingili, akakigusa kimoja kwa kidole mahali kilipokatwa, akaunusa utomvu. "Vizuri. Vingali vibichi."

Shoka lake halikuwa la dukani. Mashoka mengi yanayoingia kutoka ng'ambo yana tundu kwenye chuma, na mpini huingizwa ndani ya tundu hilo. La kwake lilikuwa la namna ya zamani: mpini ndio wenye tundu, ukiwa na kichwa kinene kama rungu, na chuma chenye mkia mwembamba kimepenyezwa humo. Chuma chenyewe kilikuwa kimefuliwa kutokana na springi ya gari, chuma ambacho wahunzi wetu hukipenda kwa sababu ni kigumu bila kumeguka ovyo. Tofauti ya mashoka haya mawili ni kubwa kuliko inavyoonekana. La tundu kwenye chuma, mpini ukikauka, chuma hulegea na siku moja huruka. La kienyeji, kila pigo hukisukuma chuma kikaze zaidi. Hatari yake ni kuupasua mpini, na ndiyo maana mpini huchongwa kwenye mti wenye nyuzi zilizosukana, si kijiti chochote.

Msemo wa wazee kwamba shoka lisilo mpini halichanji kuni nimeusikia tangu utotoni kama fumbo la watu kutegemeana. Kwa mzee huyu ulikuwa maelezo ya kazi. Alitumia muda mrefu kuukagua mpini kuliko alivyotumia kunoa chuma. Aliniambia wengi huloweka shoka lililolegea kwenye ndoo ya maji ili mti uvimbe. Unavimba kweli, ila ukikauka unasinyaa zaidi ya mwanzo. Dawa ni kabari ndogo ya mti mkavu juu ya mpini.

Kisha akaanza. Alikisimamisha kipingili kimoja juu ya kingine, akasimama miguu ikiwa imeachana, na badala ya kupiga katikati alipiga pembeni, karibu na magome. Kibanzi kikatoka. Akazunguka, kibanzi kingine. Alikuwa anakimenya kipingili kama chungwa. Nilipouliza kwa nini hapigi katikati, alinyoosha shoka, akanionyesha mviringo wa katikati: pale ndipo nyuzi zimebanwa pande zote. Pembeni zina upande mmoja ulio huru, zinaachia.

Nguvu yake haikuwa ya mabega. Aliinua shoka taratibu, akaliachia liporomoke, mikono ikiteleza kuelekea mwisho wa mpini. Fizikia inamuunga mkono: ukiongeza uzito wa shoka mara mbili, pigo linaongezeka mara mbili, ukiongeza mwendo mara mbili, pigo linaongezeka mara nne. Kijana mwenye misuli na shoka zito huchoka saa nne asubuhi. Mzee wa zaidi ya miaka sitini alichanja hadi adhuhuri, akapumzika kuswali na kula, akaendelea.

Kila mti na tabia yake

Siku tatu alizofanya kazi kwetu zilinipa somo la miti ya Dar es Salaam ambalo sikulipata shuleni. Mwembe mbichi huchanjika kwa urahisi mahali ulipokwenda wima, lakini kwenye panda na vifundo nyuzi zinapishana, na shoka hunasa kama limeng'atwa. Utomvu wake unawasha ngozi za baadhi ya watu. Mkorosho ni ukoo mmoja na mwembe na una tabia hiyo hiyo.

Mkaratusi uchanje ukiwa mbichi. Ukishakauka unajisokota na kukugomea. Mvinje, ule unaopandwa fukweni, ni miongoni mwa kuni zenye moto mkali sana, lakini mzito, na mkavu wake unarudisha shoka kama umepiga jiwe. Mnazi ni wa kundi lake. Kwa elimu ya mimea mnazi uko karibu zaidi na nyasi kuliko na mwembe; hauna mviringo wa miaka, una nyuzi ngumu zilizotumbukizwa kwenye nyama laini. Haupasuki, unachanika. Na una chembe zinazofanana na mchanga ndani yake zinazoyala meno ya msumeno. Kijana wa mashine kumbe alishaniuliza mapema kama nina mnazi wa kukata, na nilidhani anatafuta kazi. Alikuwa anaogopa kunoa.

Kwa hiyo anayeuliza "shoka au mashine?" bila kutaja mti, hajauliza bado.

Mashine ya kupasulia ni ya nani?

Iko mashine inayopasua kweli. Ina silinda ya haidroliki inayolisukuma gogo taratibu dhidi ya kabari ya chuma. Ndogo zinazotumia umeme wa nyumbani husukuma kwa nguvu ya tani 5 mpaka 7. Za petroli hufika tani 20 na kuzidi. Hazichagui kifundo wala panda. Iko na nyingine, koni ya chuma yenye hesi inayozungushwa na mota: unalisogeza gogo, hesi inajichimbia, gogo linafunguka. Hii ya pili ninaiogopa. Kitu kinachozunguka na kuvuta hakifai kuwa karibu na khanga, kanzu wala mkono wa shati.

Mashine hizi zilikomaa katika nchi za baridi, na huko zina mantiki. Norway, ambako nyumba nyingi hupashwa moto kwa kuni, shirika la utangazaji la taifa, NRK, lilirusha kipindi cha saa 12 kuhusu kuni mwezi Februari 2013, saa kadhaa zikiwa za moto unaowaka tu, na watazamaji wakabishana kama ganda la ukuni linatakiwa kutazama juu au chini. Familia ya kule hupasua shehena ya kuni kila mwaka, kila mwaka tena. Mashine inayokaa ghalani miezi kumi hulipwa na miezi miwili ya kazi nzito.

Chamazi hatupashi nyumba moto. Tunafungua madirisha ili joto liondoke. Mwenye nyumba hapa anachanja mti mmoja kwa miaka kadhaa. Mashine kama hiyo ingemfaa mfanyabiashara wa kuni anayepokea malori, mwenye eneo la kuiweka, mlinzi wa kuilinda usiku na watu wa kuipelekea magogo bila kusimama. Hata yeye angehitaji msumeno kwanza, kwa kuwa silinda hailipokei gogo refu. Na mitaa yetu mingine ina vichochoro ambavyo mkokoteni wenyewe unapita kwa kuinamishwa. Shoka linapita begani.

Lipo na la ajira. Mchanja kuni anayelipwa kwa kazi hubeba mwenyewe gharama ya chombo chake, na siku asipoitwa shoka halimdai petroli. Ndiyo nguvu ya shoka mbele ya mashine, na ni nguvu inayotegemea mgongo wa mtu. Nisilipambe. Mzee wa Mbande anasimama kwa kushika kiuno. Vibanzi huruka machoni, na yeye, kama kijana wa msumeno, hakuwa na miwani. Wote wawili hawana anayewalipa wakiumia. Tunapolinganisha bei ya shoka na bei ya mashine, tunaacha nje ya hesabu jicho moja na uti wa mgongo mmoja.

Jua halina haraka

Siku ya tatu jioni, kuni zikiwa zimepangwa, yule jirani wa maneno machache alirudi na swali lake. Safari hii nikamsikiliza.

Mti mbichi, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Ukiutia motoni hivyo, moto kwanza unafanya kazi ya kukausha, kisha ndiyo upike. Kugeuza lita 1 ya maji kuwa mvuke kunakula joto ambalo lingechemsha lita 7 hivi za maji ya bomba. Kuni mbichi basi zinapika maji yake zenyewe, na moshi unaotoka ndiyo makelele yake. Kuni nzuri zina maji chini ya asilimia 20.

Kipingili kizima chenye magome huchukua mwaka na zaidi kufika hapo, maana magome yanazuia maji yasitoke. Kilichochanjwa unene wa mkono, kikapangwa mahali penye upepo, kwa jua la Dar es Salaam huhitaji miezi miwili mpaka mitatu ya kiangazi. Maji hutoka upesi zaidi kufuata nyuzi kuliko kuzivuka, kwa hiyo hata urefu una maana: kuni fupi hukauka mapema. Kazi ya msumeno na kazi ya shoka zinakutana hapo.

Sasa tazama ubishi wetu wa asubuhi ile ya chai. Mashine ya haidroliki ingeniokolea labda siku mbili katika zile tatu za mzee. Siku mbili kati ya siku sabini na kitu nilizokuwa nazo. Lakini kama ningeviacha vipingili uani mpaka wiki ya harusi, kama wengi tufanyavyo, hakuna mashine duniani ambayo ingenipa kuni kavu. Ningekuwa na kuni mbichi zilizopasuliwa kwa haraka. Uamuzi mkubwa haukuwa chombo. Ulikuwa tarehe. Mti ukichanjwa mbichi, shoka linatosha na jua linapata muda wake. Ukiachwa mpaka uwe mgumu, ndipo watu huanza kutamani tani 20.

Mzee alikuwa ameyajua haya tangu alipokigusa kile kipingili kwa kidole. Alinionyesha na namna ya kupanga: mawe chini ili mchwa wasipate daraja, safu moja ikipishana na nyingine, mabati juu kwa ajili ya mvua lakini pembeni wazi. Na akanionya nisiingize mkono gizani bila kugonga kwanza, kwani nge naye hupenda nyumba kavu.

Gesi mlangoni

Haya yote yanaweza kuwa makala ya buriani. Serikali iliziagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku kuachana na kuni na mkaa, ikaanza na ukomo wa Januari 2024. Mei 8, 2024, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alizindua jijini Dar es Salaam Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 mpaka 2034, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Siku chache baadaye Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa mwenyekiti mwenza wa mkutano wa kimataifa kuhusu nishati safi ya kupikia barani Afrika, Paris. Takwimu ambayo Serikali huitaja mara kwa mara ni ya vifo vinavyokaribia 33,000 kwa mwaka nchini vinavyotokana na moshi wa kupikia.

Aliyewahi kumuona mama lishe akifuta macho kwa ncha ya khanga saa kumi na moja alfajiri hatabishana na lengo hilo. Nami sibishani. Lakini kati ya leo na 2034 kuna milo mingi ya kupikwa, na wanaopikia kuni wanastahili kupika kwa kuni chache na moshi mdogo. Majiko banifu yanasaidia, ila yana sharti: mlango wake ni mdogo, hayapokei ukuni mnene. Yanataka kuni fupi, nyembamba na kavu. Kadiri jiko linavyokuwa bora, ndivyo kazi ya kuchanja inavyoongezeka. Anayegawa majiko bila kufikiria shoka amegawa nusu ya jiko.

Panda

Harusi ilifika. Mpishi alizikagua kuni zetu, akazigonganisha mbili zikalia kwa sauti kavu kama vijiti vya ngoma, akatikisa kichwa kukubali. Alipika masufuria manne, na gesi tuliitumia kwa chai na kuchemsha maziwa ya watoto. Moshi ulikuwepo asubuhi wakati wa kuwasha, kisha ukaisha. Makaa yakapaliwa juu ya mifuniko, na wageni wakala wakiwa hawajui kuni zao zilichanjwa na nani.

Kilibaki kitu kimoja uani: panda kubwa, pale shina lilipogawanyika. Msumeno uliikata juu na chini tu. Shoka lilinasa humo mara mbili na mara ya pili tukalitoa kwa kabari mbili za chuma. Nilitaka kuitupa.

Wiki iliyofuata mzee alikuja na guta la kuazima, akauliza kama ile panda ina mwenyewe. Anataka kigogo cha kuchanjia, alisema. Cha zamani kimeshapasuka, na mti ulionyooka haukai, shoka linaumaliza. Tulisaidiana watatu kuipakia. Alipofika barabarani alishuka kuikaza kamba, akaipiga panda kofi moja, kama mtu anavyompiga ng'ombe aliyemnunua, kisha akaondoka kuelekea Mbande.